Ziwa Ndani ya Trei

Trei niliundiwa na fundi wa Kibuye,
bati la mraba, kona moja imebonyea.
Nilimlipa nusu; nusu nikamwahidi keki.

Unga vikombe viwili, sukari kimoja,
siagi, mayai manne ya kuku wa Mama Akeyo,
maziwa ya kukisia tu.
Apondi anakoroga kwa mwiko wa ugali,
Ogola analamba kila kinachodondoka,
hata kisichodondoka.

Makaa chini, bati juu, makaa tena juu ya bati.
"Msifunue!"
Wakafunua.
Keki ikashusha pumzi, katikati ikadidimia.

Mimi nikanuna. Wao wakashangilia shimo,
wakamimina sukari ya buluu, bakuli zima,
ikatuama.
"Ziwa!" akasema Apondi,
akanyunyiza chenga za kijani: magugumaji.
Na hizi nyekundu?
Ogola akawaza, ulimi nje:
"Viboko. Wamepaka rangi ya mdomo."

Wakala nchi kavu kwanza, pwani hadi pwani,
ziwa wakalibakiza mwisho,
wakalikwangua kwa vidole
mpaka meno yakawa buluu.

Jioni fundi akaja kudai nusu yake.
Tulikuwa tumemwekea kona,
ile ile aliyoibonyeza mwenyewe.