Swali la Kumi na Tisa

Kwenye karatasi yeye ni mia mbili na kumi na tatu.
Hapa nitamwita Musembi, ambalo si jina lake,
maana nilitia sahihi kwamba sitasema,
na mengi nimeyapayuka maishani, ila hilo nimelishika.

Kayole, ghorofa ya tano, ya mwisho, mlango wa bluu.
Mama jikoni na fomu ya mzazi,
mwana sebuleni na fomu ya kijana,
katikati yao pazia la maua
na harufu ya sukuma wiki inayoanza kuungua
kwa kuwa mpishi alikuwa anafikiri.

"Mzazi wangu hujua niliko jioni."
Kamwe. Mara chache. Mara nyingine. Daima.

Musembi, miaka kumi na sita, ndevu saba za kuhesabika,
akatia alama kwenye Kamwe
mpaka kalamu ikatoboa karatasi.
Nikamwuliza chinichini: kwani huwa wapi?
"Juu. Penye matangi ya maji.
Hakuna anayejua. Huwa naenda kunyamaza."

Nyuma ya pazia mama alikuwa ameandika Daima.
"Namsikia," akaniambia, mwiko ukielekea darini.
"Ana mguu mmoja mzito, tangu avunjike akiwa darasa la tano.
Ikifika saa tatu hivi naanza kuusikia. Napunguza redio.
Nikimwambia najua, atatafuta paa lingine,
na hilo lingine, dadangu, huenda nisilisikie."

Ofisini, Daktari Achola akayatazama majibu mawili.
"Yanapingana. Chukua wastani."
Nikachukua. Kompyuta ikasema: Mara nyingine.
Lakini katika nyumba ile, kwenye Mara nyingine hakai mtu.
Mmoja yuko chini ya saruji, mmoja juu yake,
na unene wa hiyo saruji, nadhani,
ndio tuliotumwa kuupima.

Usiku nikampigia baba, Webuye.
Baba, nilipokuwa kidato cha pili,
zile siku za kuchelewa,
ulijua nilikokuwa?
Akakohoa. Akauliza bei ya unga Nairobi.
Nikamtajia. Akasema ni wizi.
Akasalimia watu ambao hata siishi nao.
Kisha, salio likiwa linakwisha:
"Ile taa ya nje, ulidhani nilikuwa nasahau kuizima?"

Miaka mitatu ikapita, tukarudi, awamu ya pili.
Musembi yuko Githurai, anatengeneza simu,
ana chumba, ana wembe, ana haraka.
Alijibu yote amesimama.
Swali la kumi na tisa, kwa aliyefika utu uzima,
tulikuwa tumeliondoa.

Mama alilitafuta ukurasa kwa ukurasa.
"Na lile la jioni?"
Nikamwambia halipo tena.
Akaikunja fomu mara mbili, kama risiti
ya kitu ambacho hakirudishwi dukani.

Tulikuwa tumekawia. Saa tatu kasorobo.
Juu kimya, ila tangi likijaa,
maji yakigonga bati polepole.
Aliinua uso.
Akanyoosha mkono, akapunguza redio.