Bati la Nusu Milimita

Mtaa wa Ritchie, Chennai, mwezi wa Mei,
joto limelala juu ya nyaya kama nguo isiyokauka,
na mimi nimepanga makasha ya kompyuta mlangoni,
meusi, vioo ubavuni, taa za rangi saba zikifukuzana
kwenye feni isiyoweza kupeperusha unyoya.
Bwana Thangavel, mwenye duka, husema: taa ndiyo huuza.
Bati hakuna anayeliuliza.

Akaja Poongodi.
Mfuko wa plastiki, ndala, miwani iliyofungwa uzi.
Ana chumba cha kufundishia kuchapa huko Vyasarpadi,
kompyuta sita, mbili zimekufa.
Taa hakuzitazama.
Aliweka kidole gumba katikati ya ubavu wa kasha
akabonyeza, polepole,
kama daktari juu ya tumbo la mtoto anayesingizia.
Bati likaingia ndani, likalia.
"Nusu milimita," akasema. "Tena mmelivika rangi nene."

Karatasi ilisema sufuri nukta nane.
Mimi ndiye niliyeibandika.

Akafungua skrubu, akapitisha ncha ya kidole ukingoni kwa ndani,
pale kiwanda kinapoacha makali bila kuyapiga tupa
kwa kuwa mnunuzi haoni.
Akanionyesha kiganja: kovu jeupe, toka gumba hadi kifundo.
"Kasha lile lilikuwa la rupia mia tisa.
Kushonwa, rupia elfu moja na mia mbili.
Fanya hesabu."
Nikaifanya. Sikuipenda.

Kisanduku cha umeme alikipima mkononi
kama kilo ya vitunguu ya mtu asiyemwamini.
"Chepesi. Ndani mna hewa na ahadi."

La nne lilikuwa nyuma kabisa, chini ya maboksi,
la kijivu, bila kioo, bila taa,
sura ya kabati la ofisi ya posta.
Alilibonyeza, likanyamaza.
Chema chajiuza, wanasema;
hiki kilikuwa kimejiuza miaka miwili, kwa vumbi.

Sasa monita.
Akatoa flashi iliyoning'inia shingoni, ndani mna picha tano tu:
nyeupe tupu, nyeusi tupu, nyekundu, kijani, buluu.
Akaniamuru nizime taa za duka,
akajitanda pindo la sari yeye na skrini pamoja,
na humo gizani nikamsikia akiguna.
Ya kwanza, mwanga ulivuja pembeni
kama alfajiri chini ya mlango. Hapana.
Ya pili aliigusa kwa kidole kimoja tu,
ikatikisa kichwa, ikatikisa, ikatikisa,
kama mjomba wangu akikubali deni.
"Hii inakubali kila kitu," akasema, akaipita.

Ya tatu ilitulia. Weusi wake ulikuwa weusi.
Ila kwenye nyeupe, chini kulia, nukta moja,
imekufa, ndogo kuliko mbegu ya ufuta.
Naijua tangu Januari.
Nikaweka kidole changu juu yake, eti nafuta vumbi.

Hakusema kitu. Alingoja.
Kidole huwa kizito kikingojwa.
Nikakiondoa.

"Hakuna kizuri kisicho na ila," akasema,
"lakini ila nayo ina bei. Ya hii ni rupia mia tatu, mpunguze.
Pembe hiyo ndipo saa inapokaa,
na wanafunzi wangu wanaitazama mno."
Bwana Thangavel alinguruma, akatoa risiti.

Nilimbebea lile kasha la kijivu mpaka kwenye bajaji.
Lilinikata pumzi, na njiani sikulitua.

Jioni, mapazia ya chuma yakishushwa mtaa mzima,
nikabonyeza yaliyobaki, moja baada ya jingine.
Yote yalilia.
Nikaanza kuibandua kwa kucha ile karatasi ya sufuri nukta nane.
Nusu ikatoka.
Nusu iling'ang'ania.