Shuka za Mataifa

Katekista Mwagandi alituambia Jumapili
tuzipeleke sifa za Mungu kwa kila taifa,
kila kabila na kila ulimi, asibaki mtu.
Nikainamisha kichwa, nikavitazama viatu vyangu.
Mimi Umazi wa Kalume, mfua nguo
wa nyumba ya wageni hapa Malindi, mtaa wa Shela,
nauli ya kufika Watamu hunishinda kuanzia tarehe ishirini.
Mataifa nitayaendea kwa mguu upi?

Jumatatu wakaniteremshia mafurushi.
Chumba cha tatu, Wapolandi: mchanga umejaa kwenye pindo.
Chumba cha tano, mzee wa Kibohora: doa la tambuu,
dogo, mfano wa muhuri.
Chumba cha saba, maarusi kutoka Kisumu:
maganda ya njugu, na risiti ya pete.
Chumba cha tisa, mjane wa Kitaliano.
Nusu ya shuka imekunjamana.
Nusu ya pili ingali na mistari ya pasi yangu ya Ijumaa.

Nikasimama nayo mkononi, ile nusu isiyolaliwa.

Maji ya kisima chetu yana chumvi,
sabuni haitoi povu mpaka uibembeleze,
nami hubembeleza kwa kuimba.
Ng'ambo ya ua Bi Mwanakombo anaanika kanga zake.
Kamba ikihimili, yeye husema Alhamdulillahi,
mimi husema Bwana asifiwe.
Miaka kumi na moja hatujagombania Mungu.
Tumegombania vibanio.

Nilikuwa nikimwimba Mulungu, kwa Kigiriama,
sauti yangu ya kamasi,
mjane akatoka na kikombe cha kahawa
akaketi juu ya ndoo niliyoifudikiza.
Kiswahili chake ni polepole na samaki.
Akanielekeza kidole mdomoni: unamwimbia nani?
Nami nikaonyesha juu.
Juu palikuwa na tangi la maji na kunguru wawili.
Akacheka. Nikacheka.
Hapo ndipo mahubiri yangu yalipoishia.

Basi nikampa pembe mbili za shuka yake,
nikashika mbili, tukamue.
Nikisokota, naye anafuata nisokotako,
shuka inazunguka tu kama kamba ya watoto,
tone halidondoki.
Nikamwambia: kulia. Kila mtu kulia kwake.
Nikamshika kifundo cha mkono, nikamgeuzia.
Kulia.
Akasokota kulia. Maji yakashuka kwa kishindo
yakatulowesha miguu,
na yeye, bila kuambiwa maana ya pili ya neno lile,
akalia.

Sikumfuta. Mikono ilikuwa na sabuni.
Nikaendelea pale nilipoachia wimbo
na yeye akaingia na wake, kwa lugha yake,
mwingine kabisa, mzito, wa kanisa lenye baridi.
Havikulingana hata kidogo.
Neno moja tu nililitambua likipita: Haleluya.
Si langu, si lake.
Sote tumeliazima, kama vibanio,
na mwenyewe hajaja kulidai.

Bi Mwanakombo akachungulia juu ya ukuta.
"Huyo kafiwa?" akauliza.
Nikamwambia ndiyo.
Akaleta kibanio.

Kesho wanaingia watu wanane.
Kwenye daftari la mapokezi pameandikwa nchi
ambayo jina lake silipatii matamshi.
Nimejaribu mara tatu, ulimi unateleza.
Nimekwisha loweka sabuni.