Kiatu cha Kushoto

Injini ilikohoa mara mbili juu ya Koome,
kisha kimya.
Panga boi likasimama wima
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Nambooze, mikono kwenye usukani, hakupaza sauti:
“Vua kiatu. Kiweke kabari mlangoni,
maji yasije yakatufungia.”
Nikavua cha kushoto,
kipya, cha Owino,
nilichobishania bei nusu saa.

Ziwa likapanda, likawa lami.
Tuligonga, tukaruka, tukagonga tena,
na maji yakaingia taratibu, kwa adabu,
kama mgeni aliyekuta mlango wazi.

Wavuvi wa mukene walitucheka
walipoona natetemeka, mguu mmoja mtupu.

Cha kulia ningali nacho, chini ya kitanda.
Mwenzake yuko Nalubaale,
bado ameshikilia mlango.