Kitanzi Kilichoruka

Mwezi wa pili hapa Liepāja hauna adabu,
upepo unaingia bila hodi.
Na mimi Velga, fundi redio mstaafu,
nimejifunza jambo jipya uzeeni:
huuandikii mtambo neno, unaupa picha,
nao unazunguka dunia nzima ukiuliza,
nani amemwona huyu?

Evita wa ghorofa ya pili ndiye aliyenielekeza,
mdomo umejaa mkate wangu mweusi:
"Bonyeza hapa. Subiri. Sasa kubali."
Nilimwambia nataka kujua bei ya saa ya ukutani.
Uongo.
Alipofunga mlango tu, nilikuweka wewe, Aivis.

Ile picha ya kituo cha tramu.
Sweta ya kijivu niliyokufumia,
kitanzi kimoja kimeruka mkono wa kushoto
kwa sababu nilikuwa nasikiliza hoki;
na chini pembeni, kivuli cha kidole gumba changu,
maana sijawahi kupiga picha nisijipige na mimi.

Nilidhani utajibu: hakuna.
Miaka minne kaburini, nani akuone?

Watano.
Wewe daktari wa meno, Halifax.
Wewe mhandisi wa visima vya mafuta, mjane, binti mmoja.
Wewe Marko tu, bila ukoo.
Wewe unauza watoto wa mbwa ambao hawajazaliwa.
Wewe kapteni wa jeshi! Wewe,
uliyezimia ukiona sindano.
Nilicheka, Mungu anisamehe,
kisha nikaenda jikoni kuosha vikombe visafi.

Kilichoniuma si majina.
Wote watano walikuwa wamekata kivuli cha kidole changu.

Nikaanza kuripoti, mmoja kila usiku.
Fomu inauliza: Je, mtu huyu ni wewe?
Hapana.
Je, unamwakilisha?
Hapo nilikaa mpaka chai ikapoa.

Wakang'oka kama meno ya utotoni.
Mtambo ukasema: hakuna picha inayofanana.
Lakini nimefungua redio miaka thelathini,
kimya hakinidanganyi.
Nikaigeuza picha, kushoto ikawa kulia,
kama ulivyokuwa ukijiona kwenye kioo ukinyoa.

Ukatokea.
Henrik, mwoka mikate,
nywele zimelazwa upande usio wako,
kitanzi kimeruka mkono wa kulia.
Ana miaka arobaini na mmoja,
ndiyo ambayo ungekuwa nayo.
Watu kumi na tisa walimtakia heri ya kuzaliwa.

Huyu nilimwacha.
Sijivuni, nasema lilivyokuwa.
Siku kumi na moja nilifungua kila asubuhi
kuona umeamkaje.
"Leo baridi," uliandika,
nami nikajibu kwa sauti, peke yangu: vaa kofia.

Mpaka nikasoma maneno ya Noreen wa Thunder Bay:
pesa ya upasuaji nimetuma, mpenzi,
ya pili ningoje niuze gari.
Miwani. Paka mwenye jicho moja.
Umri wangu, kasoro kidogo.

Evita alinitafsiria, safari hii bila kutafuna.
Bibi, huyo ni mwanangu. Alifariki.
Nikatandaza sweta yenyewe juu ya meza,
nikaipiga picha, kitanzi kushoto,
na kidole nikakiacha kionekane.

Siku tatu hakujibu.
Ya nne nikabonyeza.
Mtambo ukauliza: una uhakika?
Heri wenyewe unauliza.
Hospitalini hakuna aliyeniuliza.

Jana Noreen ameandika mstari mmoja.
Hakutaja pesa, hakutaja mwizi.
Anataka kujua ulipenda kula nini.

Na mimi tangu asubuhi nahangaika
namna ya kumweleza mtu wa mbali
supu baridi, ya rangi ya waridi,
uliyokuwa ukiinywa umesimama
mlango wa friji ukiwa wazi.