Mkono Mmoja Mfukoni

Siwatu hauzi kapasita bila kukuuliza ni ya nini.
"Ya amplifaya," nikasema. "Ya hedifoni."
Akanitazama kama niliyeomba pampu ya kisima
nimwagilie mchicha wa kwenye kopo.
"Volti ngapi?"
"Mia tatu."
"Mia tatu, kwa masikio mawili!"
Akacheka mpaka wapagazi wa Gerezani wakageuka.

Sikumweleza. Ningeanzia wapi?
Kwamba chumba changu Tandika kimepakana na cherehani tatu
na mtoto wa Mwajabu, ambaye akiamshwa hasamehi;
kwamba simu peke yake hunipa wimbo mkavu,
chai ya majani yaliyokwisha kuchemshwa jana;
kwamba valvu haishibi kwa volti kumi na mbili,
inataka kusukumwa sana ndipo ijibu kwa upole.

Akachukua kapasita moja, nono, inang'aa,
mia nne na hamsini imeandikwa ubavuni,
akaipasua kwa kisu.
Ndani mlikuwa na kapasita nyingine, ndogo, ya mia mbili,
mtoto kavalia koti la baba yake.
"Kipya kinyemi," akasema, akaishia hapo.
Kidonda kilikuwa juu ya meza.

Akanipa kuukuu, zilizong'olewa kwenye mashine ya eksirei,
samawati iliyochujuka.
Alizipima moja moja, mbili akazitupa,
nne akazifunga kwa gazeti kama kashata.
Rezista nilichagua mwenyewe, mistari nikiifuata kwa kidole
kama nilivyofuata juzuu chuoni:
kahawia, nyeusi, njano. Laki moja.
Transfoma nikaipata kwa Mkwizu, muuza vyuma,
kilo tatu na nusu; akataka bei ya shaba.
Tukagombana nusu saa.
Nikalipa bei ya shaba.

Wiki tatu za moshi wa risasi.
Ukutani niliandika kwa chaki sheria moja tu:
mkono mmoja kazini, mmoja mfukoni.
Umeme ukipita kidole hadi kidole, utapiga kelele;
ukipita mkono hadi mkono, njia yake ni kifuani,
na haupigi hodi.
Ngwali, aliyenifundisha, ana kovu jeupe kwenye dole gumba.
Hakulisimulia. Alilionyesha.

Usiku wa kuwasha niliunga balbu ya wati sitini njiani.
Ikang'aa, nikaacha kupumua,
ikafifia taratibu hadi ikawa kaa la mwisho jikoni:
hakuna waya uliomgusa mwenzake.
Valvu zikaona haya, zikawa nyekundu.
Kisha mmmmm,
nyuki ndani ya chungu kitupu.
Nikageuza transfoma robo; nyuki akahamia sikio la kushoto.
Siku nne nilimfukuza,
mpaka nyaya zote za ardhi nikazikusanya chini ya skrubu moja,
na kimya kikawa kimya kweli.

Nikaweka dansi la zamani, la kwenye kila harusi,
nililodhani nalijua.
Nikasikia kiti.
Mpiga besi kaketi vibaya, kiti kinalia kabla ya ubeti wa pili,
na mtu, nadhani mwanamke, anavuta pumzi,
anaghairi kuimba.
Miaka yote hiyo alikuwa amesimama pale.

Ndipo umeme ukakatika.
Tandika nzima: aaah!
Cherehani zikanyamaza, feni ikazunguka kwa mazoea, ikakoma.
Masikioni mwangu wimbo haukuwa na habari.
Simu na betri yake, valvu na joto lao,
kapasita za eksirei na akiba yao:
sekunde moja, mbili, tano,
gitaa likaendelea gizani, likalegea, likakwaruza,
likawa jambo nililokuwa nalikumbuka.

Sikugusa kitu.
Nikaegemeza simu kwenye kikombe, tochi ikimulika,
ncha nyeusi ya mita nimeibana kwenye bati,
nyekundu mkono wa kulia, wa kushoto mfukoni.
Mia moja na arobaini.
Mia na kumi.
Tisini na nane.
Mtoto wa Mwajabu ameamka, analilia feni.
Sitini na tatu.