Farasi wa Kizibo

Siku redio ilipolitaja jina la Lamzira
nilikuwa nimepiga magoti, nachokora majivu ya jiko la shule.
Nikasikia "Gvarliani", nikasikia "bingwa wa dunia wa vijana",
nikamsikia mtangazaji wa Tbilisi akilitafuna jina la kijiji chetu
kama mtu aliyepewa mfupa asijue nyama iko upande gani.

Kwetu kila ua una mnara wa mawe.
Babu zetu waliijenga kwa hofu ya visasi na ya theluji.
Mtoto yule, hajajua hata kusoma,
aliiona ngome ya sataranji mkononi mwa Mwalimu Jansugi
akasema: hii ni nyumba ya bibi yangu.
Tukacheka. Mwalimu hakucheka.
Alivuta kiti.

Sataranji yenyewe ilikuwa pungufu.
Farasi mmoja mweupe alipotea tangu enzi za Wasovieti;
mahali pake tuliweka kizibo cha chupa ya mvinyo,
na Lamzira alikipenda kuliko farasi wenye masikio.
Kila kiliporuka vitunda aliguna kidogo,
kama mtu avukaye kijito.

Sasa mji mzima ni mabango:
uso wake, bendera ya misalaba mitano,
na nyuma yake Ushba, vilele viwili, theluji inameta.
Picha wameigeuza. Kilele cha kusini kimehamia kaskazini.
Nodari wa mikate alitaka kuwaandikia barua ya malalamiko;
mkewe akamwambia, kwanza jifunze kuandika.

Alirudi Jumanne, na Waziri kwenye gari la mbele.
Waziri akasema milima yetu huzaa mabingwa.
Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, mikono ilikuwa ya baridi.
Lakini mlima haujawahi kuzaa mtu.
Mlima hutufungia barabara wiki tatu kila Februari.
Ulimchukua Givi, mjomba wake, pamoja na ng'ombe wawili,
na Mwalimu Jansugi alipokufa tulimlaza siku tisa kanisani
tukingoja ardhi ikubali jembe.
Kama ulimsaidia mtoto, ulimsaidia hivi:
ulifunga mlango,
ukamwachia jiko, ubao, na saa nyingi mno.

Mcheza kwao hutunzwa, husema wahenga.
Huyu alicheza ugenini, ukumbini kusiko na dirisha,
akatunzwa huko;
kwao alikuja kuuliza nani siku hizi anapasua kuni.

Wapiga picha walimtaka pamoja na mlima.
Ushba ukajifunika gubigubi.
Saa mbili walisimama kwenye tope na viatu vyao vya mjini.
"Utatoka?" wakamuuliza, kana kwamba ni mbuzi wake.
"Upo tu," akasema, "hata msipouona."
Wakampiga picha na ukuta.

Kisha akaingia darasani bila kufuta miguu,
nami nilikuwa ndiyo kwanza nimedeki.
Akafungua sanduku la zawadi, kete mpya za mti wa jozi,
akamchomoa farasi mmoja mweupe, akamtia mfukoni mwa aproni yangu,
na kwenye mraba uliobaki wazi
akasimamisha kizibo.
Kumbe kilisafiri naye.
Kimeliwa pembeni, kina alama za meno.
Sikumuuliza ni mchezo gani ulimtafunisha.

Jioni, magari yakiwa yameshuka, nilitoka na ndoo.
Mawingu yalikuwa yamefunguka bila kumwarifu mtu:
vilele vyote viwili, vyekundu kama makaa,
cha kusini kikiwa kusini.
Na dirishani mwa darasa, kichwa kimoja kimeinama,
na watoto wanne wakisukumana waone.
Nikasema kwa sauti, peke yangu: wetu.
Sijui nilimsema mtoto au niliusema mlima.
Nikamwaga majivu upande usio na upepo,
nikarudi ndani kudeki tena.